Michirizi ya Sleji

Baba alikuwa na mwamba wake chini ya Ziwa Kettleson, ambako samaki hujazana, na kwa miaka thelathini hakuna mtu mwingine aliyeujua ila mimi mwanawe. Kila majira ya baridi, ziwa likiganda, alipakia kwenye sleji, kigari kisicho na magurudumu, hema la kukunja, keekee ya kutobolea barafu, jiko la gesi na ndoo ya vidagaa vya chambo. Alijifunga kamba kiunoni, akaikokota sleji kwa miguu maili mbili. Nyuma ya sleji alifunga tawi la msonobari. Tawi lilifagia alama zake, na aliyetazama kutoka ufukweni aliona ziwa jeupe tu, kama karatasi isiyoandikwa.

Alifariki Oktoba. Januari nilikwenda peke yangu kwa mara ya kwanza, na tawi nikalisahau bandani.

Niliporudi mwambani siku mbili baadaye nilikuta mahema matano. Duane Stroud, anayepeleka wageni kuvua kwa pikipiki yake ya theluji, alikuwa amefuata michirizi ya sleji yangu hadi mwisho wake. Huyu Duane alibeba jeneza la baba. Upande wa kushoto, mbele.

Alichomoza kichwa nje ya hema, kikombe mkononi.

"Karibu, bwana mdogo. Kahawa ipo. Nafasi ndiyo hakuna."

"Huu mwamba ni wa baba."

"Maji hayana hati, Nels."

"Ungeniuliza kwanza."

"Nikuulize nini? Mzee aliuficha miaka thelathini, wewe umetuonyesha kwa siku moja. Kamlaumu yeye, kwa kuzaa mtoto asiyejua kufunga tawi."

Wageni wake wakacheka ndani ya mahema. Nyuso zao sikuziona, nilisikia vicheko tu kupitia turubai. Niligeuza sleji. Njia nzima kamba ilinikata kiunoni nami niliifurahia, maana haikuniacha nisahau. Niliapa kwamba mwamba utarudi, na Duane ataurudisha kwa mdomo wake mwenyewe.

Mtu anayefuata nyayo za wenzake hutazama chini. Anakoelekea hakuoni.

Basi nikaanza kumwandikia juu ya theluji, kwa michirizi. Kila asubuhi niliikokota sleji bila tawi, watu wote wakiniona, nikaenda kuketi mahali ambapo chini ya barafu kuna tope tu, lisilo na hata samaki mmoja. Kila alasiri nilirudi na samaki watatu wenye macho ya kioo, wamelazwa juu ya mzigo, wagumu kwa baridi. Walitoka kwenye friza ya mama. Asubuhi nilikwenda nao chini ya turubai, alasiri nikarudi nao juu yake. Siku ya tatu Duane alinisimamisha ufukweni.

"Hao unawatoa wapi?"

"Ziwani."

"Ziwa kubwa hili."

"Basi tafuta. Si una injini?"

Kesho yake alikuwa juu ya tope lile na wageni watatu, wakitetemeka mpaka jioni bila hata kudonolewa chambo. Wageni wakamnunia, watu wakamcheka. Ningeweza kuishia hapo. Haikunitosha.

Kwenye shingo ya ziwa, pale mto unapotokea, mkondo hula barafu kutoka chini. Baba alikuwa akisema barafu ya pale ina meno upande usioonekana. Mtu mwepesi, anayegonga kila hatua kwa mtaimbo huku sleji ikimfuata mbali kwa kamba ndefu, anaweza kupita akiwa anaomba Mungu. Pikipiki haiwezi.

Jumatatu nilipita. Mtaimbo ulitoa mlio mwembamba, na maji yakachungulia kwenye kila tundu. Ng'ambo nilipiga hema, nikalikaza kwa vigingi vya chuma, nikawasha jiko na kukaa dirishani. Nilikuwa na furaha, na nalisema hilo bila kuona haya.

Duane alikuja saa nne asubuhi, peke yake, ameinamia michirizi yangu. Nilisikia injini, kisha mpasuko, kisha kimya. Pikipiki ilikwenda chini. Duane alibaki na viwiko juu ya barafu, kofia yake ikielea pembeni.

"Nels."

Hakupiga kelele. Aliniita kama mtu anayebisha hodi.

Niliacha pumzi kumi zipite. Kisha nikafunga kamba kwenye kigingi cha hema, nikailalia sleji kifudifudi na kujisukuma kwa mtaimbo. Nilipobakiza hatua mbili kumfikia nikaisimamisha sleji.

"Mwamba ni wa nani?"

"Nels, miguu siisikii."

"Mimi sikusikii wewe."

"Wa baba yako."

"Na mahema?"

"Yataondoka. Leo hii. Nakuapia."

Nikamtupia kitanzi cha kamba, nikamvuta nje.

Nilimkausha mbele ya jiko, nikamviringisha kwenye turubai la hema, nikampakia kama gunia. Tulirudi kwa kuzunguka kando ya ufuko, kwenye barafu nene, na nilihakikisha tunapita katikati ya vibanda vyote vya wavuvi. Watu walitoka na vikombe vyao, wakatazama.

"Ulijua," alisema nyuma yangu, meno yakigongana.

"Nilikuwa nakokota sleji yangu. Nani alikuambia unifuate?"

Mahema matano yaliondoka kabla jua halijazama. Mjini nikawa shujaa, mke wa mchungaji akaniletea pai. Duane hakunishtaki kwa mtu. Angesema nini? Kwamba alikuwa akifuata michirizi yangu?

Wiki nzima theluji haikuanguka. Nilikwenda kununua vidagaa kwa Bi Ardis, aliyewauzia chambo baba na babu. Alinijazia ndoo polepole.

"Jana nilitembea hadi shingoni," akasema.

"Kuona shimo?"

"Shimo limeganda. Michirizi yako ndiyo iko wazi. Imeingia pale katikati, na matundu ya mtaimbo kila hatua. Ulikuwa unapajua."

"Nilikuwa natafuta samaki."

"Na njia ya kando ya ufuko ipo? Baba yako alikuzungusha huko tangu una miaka sita." Akanisukumia ndoo. "Mwanangu, na safari hii pia ulisahau tawi."

Nilikokota sleji hadi shingoni, tawi la baba likiwa juu ya mzigo. Michirizi ilikuwa pale, miwili, imenyooka, na tundu baada ya tundu kati yake. Mtoto angeisoma. Nililishika tawi. Kisha nikalirudisha kwenye sleji. Walionicheka ndani ya turubai na wasome. Bi Ardis naye na asome.

Nilipogeuka kuelekea mwambani ndipo nilipolifunga, ingawa sasa kila mtu anaijua njia ile. Barafu ya huko ina unene wa mkono mzima, lakini niligonga kila hatua kwa mtaimbo.