Pilau Kwenye Anwani ya Tovuti

Mwanvita alikuwa mwenyekiti wa kikundi cha usafi wa ufuko wa Kaole. Mumewe Alawi, mwalimu wa hesabu aliyestaafu, ndiye aliyekitengenezea kikundi tovuti. Kilichompa kiburi Alawi hakikuwa picha wala rangi zake, bali kisanduku cha kutafutia. Alikiunda mwenyewe, akikataa vya bure vilivyojaa mtandaoni.

"Vya watu havina akili," alisema.

Wiki ya usafi ilipofika, Mwanvita alitamani kuona picha za sherehe yao ya mwaka jana. Akaandika "pilau" kwenye kisanduku, picha zikaja, akazitazama na kucheka peke yake. Kisha akafungua tangazo la usafi, akanakili anwani yake na kuituma kwenye kundi la WhatsApp: "Ndugu zangu, fungueni kiungo hiki."

Hakuona kwamba anwani ilikuwa imeota mkia: usafi-jumamosi?tafuta=pilau.

Wenzake waliuona.

"Kiungo nimekipata," akajibu Hija, fundi cherehani. "Binzari nyembamba nilete?"

Watu ambao hawajawahi kuokota hata kizibo wakaanza kuthibitisha kuja. Mzee Khamis wa Makurunge, ambaye mgongo haukumruhusu kuinama miaka yote, aliandika kwamba umepona, alhamdulillahi, na atakuja na wajukuu.

Mwanvita akampelekea mumewe simu. "Baba Twalha, pilau imetoka wapi?"

Alawi akavaa miwani. "Labda kasoro ni ya pilau tu. Ngoja nijaribu neno jingine."

Akaandika "biriani", akafungua tangazo, akanakili anwani. Na kwa kuwa alikuwa na haraka ya kuwatuliza watu, akaituma hapo hapo: "Samahani kwa usumbufu. Kiungo sahihi ni hiki."

Kundi zima likalipuka kwa furaha.

"Mume wangu," alisema Mwanvita, akikaa chini taratibu, "umewapandishia daraja."

Alawi akajifungia na kompyuta yake. Mchana ulipokwisha alikuwa ameshagundua. Mtu akitafuta kitu, kisanduku kilibandika neno lile kwenye anwani ya kila ukurasa aliofungua baadaye, kama gundi. Akafuta mstari mmoja wa maelekezo, akatafuta "maandazi", akafungua tangazo. Anwani ikaishia kwenye usafi-jumamosi, safi kabisa. Akaituma kundini pamoja na maelezo marefu ya kitaalamu.

Hakuna aliyeyasoma. Walikuwa wanabishana kuhusu kachumbari.

"Sasa niwaambie nini?" Mwanvita aliuliza. "Kwamba mume wangu ana kisanduku king'ang'anizi?" Akatoa sufuria kubwa na kuanza kupepeta mchele.

Jumamosi ufuko ulifurika. Chupa, nyavu mbovu na makandambili yasiyo na wenzake vilizolewa kabla jua halijakolea, kwa sababu kila mtu alifanya kazi huku akinusa upande wa jikoni. Mzee Khamis aliinama kama kijana.

Pilau ilipopakuliwa, aliitazama sahani yake kwa muda.

"Shikamoo, Mzee Khamis," alisema Mwanvita.

"Marahaba, mwanangu. Lakini marekebisho yalisema biriani."

Alawi akajitokeza na simu mkononi. Alikuwa ameisubiri nafasi hii. Akaeleza kwamba kinachofuata alama ya kuuliza si tangazo, ni neno la mtafutaji lililosahauliwa, na kwamba sasa ameshalitibu tatizo. Mzee Khamis alimsikiliza kwa adabu kubwa, akila. Alipomaliza sahani akaomba nyingine.

"Mwalimu," akasema, "na mtu akiandika sambusa?"

"Haitaonekana popote."

"Basi umeharibu."

Alawi akatia simu mfukoni, akaenda kuchukua chakula chake. Kwenye sufuria ulikuwa umebaki ukoko. Hija akambandulia kipande kikubwa, na Alawi akakaa mchangani kukitafuna.