Eda Isiyokwisha

Ubani ulikuwa umeshawashwa Twalha alipofika, na viatu vya watu vimejaa barazani. Bi Biubwa mwenyewe alimpokea mlangoni, uso umechangamka kama mtu mwenye arusi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Pita. Leo tunaifukuza nuksi, na amin yako naitaka niisikie mpaka jikoni."

Twalha akaingia. Nyumba hii ya kulala wageni, katika Mji Mkongwe wa Bagamoyo, ilikuwa haijapata mgeni hata mmoja tangu Bi Biubwa atoke eda ya mumewe, Msabaha. Mtaa ulishakata shauri kwamba marehemu ameondoka na riziki ya nyumba. Twalha peke yake ndiye aliyejua kuwa nuksi yenyewe ni yeye.

Kazi yake ilikuwa kutengeneza tovuti za hoteli na kuzipandisha juu watu wanapotafuta. Alijifunza mwenyewe, na hakuacha mtu asijue. Zamani ulikuwa mchezo mwepesi: unaujaza ukurasa maneno, Bagamoyo, Kaole, ufukwe, chumba nafuu, mpaka mtambo wa kutafutia unachoka na kukuweka juu. Siku hizi mitambo inanyang'anyana watu kwa kujibu upesi. Mtu hafungui tena kurasa kumi; anaiuliza simu, simu inampa jibu moja, naye anashika njia. Asiyekuwamo ndani ya jibu hilo hayupo duniani.

Bi Biubwa alipoingia eda alimwita Twalha. Mjane hawezi kupokea wanaume wa kupita, basi akamwomba atangaze mtandaoni kwamba nyumba imefungwa mpaka eda iishe. Twalha akatangaza. Lakini wakati huohuo alikuwa ameanza kazi kwa Kombo, mwenye hoteli mpya ya ufukweni, na kwenye tovuti ya Kombo akaweka mstari wa pili: nyumba ya Bi Biubwa imefungwa, wageni wake sasa wanapokewa hapa. Habari ya eda akaiacha nje.

Mtambo ukaupenda mstari ule. Mfupi, umenyooka, unajibu swali. Ukawa ndio jibu lenyewe. Hoteli ikajaa, Kombo akampigapiga mgongoni mbele za watu akimwita profesa, na sifa zikamlevya. Eda ilipokwisha aliukumbuka mstari wake. Aliukumbuka vizuri sana. Akasema ataufuta kesho, na kila kesho ilipofika akaisogeza mbele.

Alikuja kuufuta juzi, aliposikia kwamba Bi Biubwa anatafuta mnunuzi, ahamie Lugoba kwa bintiye. Akakuta amechelewa. Tovuti za watu wa safari zilikuwa zimeunakili, na kila mtambo aliouuliza ulimjibu kwa ujasiri uleule kwamba nyumba ile haipokei tena wageni. Ili mitambo ibadili kauli, nyumba yenyewe ilibidi isikike: picha mpya, tangazo la mwenyewe, wageni waliolala waandike kuwa wamelala. Hayo yote hayafanyiki kwa kujificha.

Maalim Ausi, msomaji wa dua, akainua mikono. "Ya Rabi, kama yupo hasidi aliyeifunga nyumba hii, mfungie na yeye milango yake."

"Amin!"

Mdomo wa Twalha ulifunguka, sauti haikutoka. Mzee wa pembeni akamgusa kwa kiwiko. "Vipi wewe, pilau imeshakukaba kabla hujaila?"

Akanyanyuka, akapita ukumbini mpaka uani. Bi Biubwa alikuwa anapakua pamoja na jirani yake, Zuwena.

"Mama, nina neno."

"Sema. Mikono ndiyo yenye kazi, masikio yamekaa bure."

Twalha akatoa simu mfukoni. Akaiuliza simu habari za nyumba ya wageni ya Bi Biubwa, akaisogeza karibu. Simu ikajibu kwa sauti tamu kwamba nyumba hiyo imefungwa kabisa, na wageni waende hotelini kwa Kombo.

"Imefungwa? Nani kasema, na mimi nimesimama hapa?"

"Mimi, mama." Akamweleza yote, macho chini.

"Kwa hiyo si nuksi?"

"Si nuksi."

"Alhamdulillahi! Zuwe, umesikia? Si nuksi!" Bi Biubwa akacheka, akapiga makofi, kisha kicheko kikamkatikia katikati. Akaweka upawa chini. "Twalha. Unajua nimekuwa nikimwambia nini Msabaha? Kila nikimaliza kuswali, badala ya kumwombea, namlaumu. Namwambia, mume gani wewe, umekwenda na riziki yangu. Maiti hana mdomo wa kujitetea."

"Nitarekebisha, mama. Leo leo napiga picha, naandika..."

"Unaandika!" alifoka Zuwena. "Hujachoka kuandika?"

Bi Biubwa akamnyamazisha kwa mkono. "Hayo ya mitandao utayafanya, tena bila kulala. Kwanza nenda ndani. Wale wamelichafua jina la mume wangu mtaa mzima. Kawaambie kabla sijawapelekea masinia. Wakishakula watatawanyika na maneno yao yaleyale."

"Mbele ya Maalim?"

"Mbele ya Maalim. Simu iache hapa. Sema kwa mdomo wako."

Angemzaba kibao, Twalha angeshukuru. Aliiacha simu juu ya kinu akarudi ndani. Watu wakageuka wakidhani chakula kinakuja, wakaona mikono mitupu.

"Nyumba hii haina nuksi," alisema, amesimama katikati ya mkeka. "Mzee Msabaha hakuondoka na riziki ya mtu. Wageni niliwazuia mimi."

Minong'ono ikakoma upande wa dirishani. Upande wa mlangoni mtu akauliza anasema nini yule.

"Paza sauti, kijana," alisema Maalim Ausi. "Wa mwisho hawajakusikia."

Twalha akawageukia wa mlangoni, akaanza upya, kwa sauti kubwa zaidi.