Pijo ya Marehemu Baba

Nasiba alinipigia simu kutoka Maskati, mimi nimekaa ukumbini na msasa mkononi, akaanza kuzungukazunguka. Mara joto la huko, mara watoto wanasoma vizuri. Mimi sina subira na maneno ya namna hiyo. Nikamwambia, "Nasiba mwanangu, sema lililokufanya upige." Ndipo aliponiambia kwamba babake, yaani kaka yangu Taufiq, usahaulifu umemzidi, na kwamba anamleta Malindi akae kwetu, pengine ataona nafuu.

"Lakini shangazi," akasema, "usivunjike moyo asipokujua. Hata mimi mwanawe kuna siku ananiuliza natafuta nani."

Ati asinijue. Mimi Shekha, niliyekuwa nikimfuata nyuma tangu sijajua kujifunga ushungi! Nikamwakia binti wa watu bila kosa lolote. "Atanijua," nikasema. "Wewe mlete tu." Nilipokata simu nikabaki nimeshika tama. Wazazi wetu wamekufa, mume wangu naye kanitangulia, na hapa duniani hakuna mwingine anayenikumbuka nikiwa mtoto ila kaka. Akinisahau yeye, basi kile kitoto kimekwenda. Hilo ndilo nililoliogopa, na sikutaka kumwambia mtu.

Sasa nieleze habari ya magari, maana bila ya hiyo utaniona mwendawazimu. Mimi ni mtu mzima, nina wajukuu, na kazi niipendayo kuliko zote ni kuunda magari madogo. Si ya kuchezea watoto. Ni magari ya vipande vya plastiki yanayokuja ndani ya boksi, unakata, unapiga msasa, unagandisha kwa gundi, unapaka rangi, mpaka unapata gari kamili la kukaa kiganjani, na kila kitu chake kimepunguzwa kwa kipimo kimoja. Mtaani kwetu Shela wananiita Bi Magari. Waniite. Wao wakikaa barazani kuwasema watu, mimi niko na brashi yangu na hakuna niliyemkosea.

Aliyenitia ugonjwa huu ni Taufiq mwenyewe. Zamani hizo boksi hazikuwako. Wavulana waliunda magari kwa waya na mikebe ya samli, magurudumu wakakata kwenye ndara zilizokwisha, na katika mtaa mzima hakuna aliyemfikia kaka. Wasichana wenzangu walikuwa wakipika wali wa mchanga. Mimi nilikuwa nimeganda nyuma yake, ananifukuza, narudi, ananifukuza, narudi. Siku moja akashindwa kukata mlango wa gari ukafunguka sawasawa. Nikamnyang'anya makasi nikaukata. Alinisogezea mkebe mwingine tu, na toka hapo tukawa mafundi wawili.

Alipokwenda Maskati kutafuta kazi nililia mpaka mama akanigombeza. Likizo yake ya kwanza akaja na boksi. Kufungua, vipande vitupu. Nikadhani ameniletea sahani zimevunjikia njiani. Akacheka mpaka akashika mbavu, kisha tukaketi tukaliunganisha gari lile pamoja, likatoka baya, macho ya taa moja juu na moja chini. Baadaye kila mtu wa Malindi aliyerudi kutoka huko alikuwa na boksi langu mzigoni. Nikimaliza gari nalipiga picha, namtumia kwa simu, naye anajibu kwa kunisimanga: bampa imepinda, rangi imetiririka, wewe macho unayo kweli? Nami simnyamazii. Tumegombana hivyo miaka na miaka, na nilikuwa nikiyapenda magomvi yale. Kisha majibu yakaanza kuchelewa, halafu yakakatika, na mimi nikajifanya kudhani simu yake mbovu.

Basi baada ya maneno ya Nasiba nikajiuliza ni gari gani litakalomrudisha. Sikufikiri mara mbili. Marehemu baba, Mzee Awadh, alikuwa na Pijo 404, ile ndefu yenye kiti cha tatu nyuma, stesheni. Alikuwa akichukua abiria Malindi hadi Mambrui, na siku nyingine akipanda nao mpaka Magarini na mashamba ya Adu. Gari lile lilinuka petroli, halua na papa mkavu, na sisi tuliona hakuna harufu nzuri zaidi. Taufiq alikuwa akiliosha kila Alhamisi jioni ili baba aende nalo msikitini Ijumaa likimetameta. Siku za joto alilala ndani yake, miguu imetoka dirishani, na baba alimwachia. Baba alipofariki gari likauzwa, likazeekea kwa wengine, mwisho likakatwa chuma chakavu.

Nikamwambia Nasiba anitafutie boksi la 404. Akalipata, akampa mtu aliyekuwa anarudi. Balaa, likaja lile fupi, si stesheni. Mtu mwingine angelirudisha. Mimi nikalikata kiuno kwa wembe, nikalirefusha mkia kwa plastiki ya ndoo iliyopasuka, nikapiga msasa mpaka kiungo hakionekani. Keria ya juu nikaipinda kwa njiti za mwavuli. Viti nikavivika ngozi ya mkoba wangu wa harusi, uliokuwa umelala kabatini bila kazi.

Rangi ndiyo iliyonitoa jasho. Picha tuliyonayo ya gari lile ni nyeusi na nyeupe, kwa hiyo haikunisaidia kitu. Nikashuka hadi Kilifi, mtaa wa Kibarani, kwa Jefwa, fundi wa kupulizia magari rangi. Tunajuana, huniuzia rangi zinazobaki.

"Hiyo ni krimu tu, mama," akasema.

"Krimu gani? Krimu ziko chungu nzima. Nataka rangi ya chai iliyozidishwa maziwa, kabla haijaganda juu."

Akachanganya, nikakataa. Akatia tone la manjano, nikakataa. Akatia la hudhurungi, nikamwambia amelizamisha gari matopeni. Wenye magari yao makubwa wamepanga foleni nje, wanalalamika, na Jefwa anawaambia wangoje, leo ana mteja mwenye Pijo. Tulipoipata nilijua papo hapo, nikajifuta macho kwa ushungi. Nilimwona baba anafungua mlango. Jefwa akajishughulisha na kusafisha bomba lake, hakunitazama, na nilimshukuru kwa hilo.

Nyumbani nikamalizia. Pijo ya baba haikuwa safi ila siku moja kwa wiki, kwa hiyo nikasaga udongo mwekundu wa Magarini, nikaupaka kwa brashi kavu juu ya magurudumu na nyuma ya mlango wa mzigo. Nikaliweka juu ya meza, nikaliangalia kwa mbali, nikaliangalia kwa karibu. Halikuwa na dosari. Nasema kweli, nilijipigia makofi mwenyewe.

Wakaja alasiri. Nasiba amemshika mkono babake, naye amevaa kanzu nyeupe, kofia yake imekaa sawa, amekonda mabega. Nilikuwa nimesimama mlangoni na shikamoo yangu tayari mdomoni, kama nilivyomwamkia maisha yangu yote, kwa kuwa yeye ndiye mkubwa. Akanitazama kwa adabu, akatangulia.

"Shikamoo, bibi," akasema.

Aliona kikongwe, akamwamkia kama mtoto aliyefunzwa vizuri. Ningefanya nini? Nikaitikia marahaba. Nikawakaribisha, nikawawekea maji ya kunawa, kisha nikaenda jikoni nikalia. Nasiba alipoingia sikumficha. Akasema, "Nilikwambia, shangazi." Nikamwambia anyamaze, gari bado hajaliona.

Asubuhi yake kaka alikuwa ameketi barazani amekunywa chai, amekula mahamri yake vizuri. Nikalitoa gari ndani ya kitambaa, nikaliweka mapajani mwake. Nasiba akasimama mlangoni.

Akalitazama. Akazungusha gurudumu moja kwa kidole. Akaligeuza chini juu, akakagua tumbo lake, akalirudisha, akapitisha kidole juu ya lile vumbi jekundu.

"Pijo ya baba," akasema.

Nikashika ukuta. Nikasema sasa, sasa hivi atainua uso. Hakuinua. Alilisogeza gari karibu na jicho, akachungulia dirishani, akasonya.

"Nani kaliunda hili? Kakosea. Usukani kauweka kushoto. Baba ataliendeshaje?"

Nikainama nikatazama. Wallahi, usukani ulikuwa kushoto. Boksi limetoka Maskati, huko dereva hukaa kushoto, nami nikalikata gari, nikalirefusha, nikalivika viti, nikaugandisha usukani palepale palipotobolewa tundu. Nililipita kosa hilo kwa macho yangu haya asubuhi na jioni. Na kaka, aliyeendesha kwa kukaa kushoto miaka zaidi ya arubaini, ameliona mara moja, kwa kuwa alikokuwa yeye kwa akili, baba amekaa kulia.

Damu ikanipanda, mazoea mabaya. "Na nani asiyekosea?" nikamjibu.

"Dadangu," akasema. "Nina dadangu mdogo, Shekha. Kazi ya ndani ya gari ni yake, viti, usukani, milango. Hapa mjini hakuna mvulana anayemweza. Hata mimi simwezi." Akatazama huku na huku, akapunguza sauti. "Lakini usimwambie nimesema, bibi. Atavimba kichwa, hatutakaa naye."

Maisha yetu yote hakuwahi kuniambia neno hilo. Nasiba mlangoni machozi yanamtoka, ananiashiria kwa mkono, mwambie, mwambie ni wewe. Nikafungua mdomo. Nikauona uso wake, uso wa mtu aliyetulia, ambaye nyumbani kwao kuna kila mtu na gari liko nje. Nikimwambia mimi ndiye Shekha, atatazama makunyanzi haya na meno haya yaliyobaki, ataogopa, atauliza dadake amefanywa nini.

"Yuko wapi huyo Shekha?" nikamuuliza.

"Yuko chuoni kwa maalim, anasoma Kurani. Akitoka atakuja mbio, hana mwendo mwingine. Atautoa huu usukani na kuutia mahali pake."

Akasogea kidogo kwenye benchi, akanipangusia nafasi kwa mkono.

"Keti, bibi," akasema. "Hatakawia."

Nikaketi, tukamngoja Shekha.