Dansi Lililogeuka Matanga

Mama alichukuliwa na Landrova ya afya asubuhi ya Jumanne, na uji ulikuwa bado jikoni. Niliukoroga mpaka ukaiva, nikampa mdogo wangu Mniko, nikamlambisha kidogo Ghati, mdogo wetu wa kike, ambaye alikuwa mchanga na shingo yake haijakaza. Uliobaki nikaufunika kwa sahani. Baba nilijua hatarudi, kwa kuwa gari hilohilo lilimchukua wiki iliyotangulia. Mama nilidhani atarudi ale. Jioni bwana afya alikuja kwa baiskeli, akasimama mbali, nje ya ua wa mikatani, akaniambia kwamba wameshamzika. Sikuona kaburi likichimbwa. Walioona ni wanaume wawili tu, wenye mabuti ya mpira na ndoo ya chokaa.

Huo ulikuwa mwaka wa kipindupindu. Tulikuwa tumehamia katika kijiji cha ujamaa, upande wa Matongo, na nyumba zetu zilipangwa mstari mmoja, karibukaribu. Ugonjwa ulipita mlango hadi mlango. Serikali ikapiga marufuku minada, pombe na misiba. Hasa misiba, kwa sababu msibani watu hula pamoja.

Kwetu, kukosa matanga si jambo la huzuni peke yake. Mtu akifa, ukoo hukaa msiba, na siku ya kumaliza wazee hufanya kikao. Hapo ndipo kila mtoto aliyeachwa hutajiwa nyumba yake. Kabla ya kikao hicho mtoto bado ni wa msiba, na hachukuliwi. Watu waliamini kwamba anayemwingiza nyumbani anaingiza pamoja naye kifo ambacho hakijakaliwa. Kwa hiyo sisi watatu tulibaki katika nyumba yetu, na watoto wa nyumba nyingine zilizofiwa walibaki katika zao. Majirani walituwekea chakula uani, wakaondoka. Mimi na Mniko tulikula. Ghati ndiye aliyehitaji maziwa ya mama.

Jirani yetu Teresia alikuwa na mtoto wa kunyonya, na maziwa yake yalikuwa mengi hadi yakalowesha kanga. Niliwasikia yeye na mama mkwe wake wakisemezana ng'ambo ya ua.

"Mama, yule mtoto analia."

"Namsikia. Mimi si kiziwi."

"Nitakwenda nimnyonyeshe palepale kwao. Sitamleta ndani."

"Hilo titi ni la nyumba hii. Msiba ukaliwe kwanza."

"Si msiba umekatazwa?"

"Basi aliyekataza aje amnyonyeshe."

Baba mkubwa Mogesi, kaka yake baba, alikuwa akija kila asubuhi kusimama uani na kuuliza kama Ghati ameamka. Hakuuliza kama amelala vizuri, aliuliza kama ameamka. Alimwendea Rubeni, katibu wa tawi, akaomba tukae msiba bila kupika, bila kula, hata kwa saa chache. Rubeni alimjibu kwa heshima kwamba amri ni ya wilaya na yeye ni katibu tu. Baba mkubwa akarudi, akaniambia niongeze maziwa ya ng'ombe katika uji. Nilikuwa nimeshafanya hivyo. Ghati aliyatapika. Nilipombeba mgongoni nilianza kugeuka kutazama kama bado yupo, maana sikusikia uzito wake.

Wakati huo pale Nyamisangura, mjini Tarime, kulikuwa na bendi ya vijana wa madukani. Kiongozi wao alikuwa Tamimu, fundi cherehani, na mpiga gitaa aliitwa Athumani. Walikuwa wamesikia habari za watoto wa vijijini waliofiwa, wakatunga wimbo wa kuwachangia, wakapewa lori la ushirika wazunguke nalo. Kiingilio kilikuwa kibaba cha ulezi au cha mahindi. Wilaya iliwapa kibali kwa sababu watu wangesimama nje na hakuna ambaye angepika.

Walifika kwetu Jumamosi mchana. Kabla ya kufunga vyombo, Tamimu alipita kwenye nyumba zilizofiwa. Alivaa suruali pana aliyojishonea mwenyewe, na aliposimama uani kwetu alivua viatu, ingawa hakuna aliyemwambia.

"Mdogo wangu, wazazi wako waliitwa nani?"

"Ryoba. Na Esta."

"Mama alikuwa mtu wa namna gani?"

Nilifikiri. "Alikuwa anacheka kabla hajamaliza kusema."

Aliitikia kwa kichwa, akaenda nyumba ya pili.

Uwanja wa shule ulijaa. Watu walisimama wameachana, kama walivyoagizwa, na magunia ya kiingilio yalikuwa karibu na lori. Jenereta lilipoanza kunguruma, mzee mmoja alimsogelea Athumani, akalitazama gitaa na nyaya zake, akalifananisha na litungu, zeze letu la nyuzi.

"Mura, kijana wangu, hilo litungu lenu linakunywa petroli?"

"Linakunywa, mzee. Mimi nakunywa chai."

Watu walicheka. Nilikuwa nimesahau kwamba kijiji kizima kinaweza kucheka kwa pamoja.

Walipiga nyimbo mbili za haraka na vijana wakacheza kidogo. Kisha Tamimu akasema kwamba unaofuata ndio wimbo wenyewe, wimbo wa watoto. Ngoma zikanyamaza. Gitaa likaanza peke yake, polepole, sauti moja, halafu nyingine, na kila moja ilikwenda hadi kwenye vilima ndipo ile ya pili ikafuata. Tamimu akaimba:

*Mtoto, umelala wapi jana,*
*nani alikufunika?*
*Nyumba ni nyingi, milango ni mingi,*
*ni upi utakuitika?*

Sijui nieleze vipi. Nilikuwa sijawahi kusikia sauti ya mtu mmoja ikiwa kubwa kuliko uwanja. Ilitoka kwenye vipaza sauti viwili vya bati, lakini mimi niliisikia ikitoka chini, kwenye udongo niliosimama. Ghati, ambaye alikuwa amelala mgongoni kwangu tangu asubuhi, alifumbua macho.

Kisha Tamimu akaanza kuwaita. "Ryoba, mwanao yuko hapa. Esta, mwanao yuko hapa." Akawataja na wengine wote, nyumba baada ya nyumba, bila kusahau hata mmoja.

Wanaume walivua kofia. Mama mkwe wa Teresia aliweka mikono kichwani, kisha akaketi chini, katika vumbi, akanyoosha miguu kama wanawake wanavyoketi msibani. Aliyekuwa karibu naye akaketi. Akafuata mwingine. Ilikwenda hivyo kama upepo unavyolaza majani, hadi wanawake wote wa kijiji wakawa chini, na wa kwanza akapiga yowe la kilio.

Tamimu alinyamaza. Alidhani watu wamekasirika. Athumani alimnong'oneza mbele ya kipaza sauti, na uwanja mzima ukasikia: "Tumewaudhi. Tupige ile ya haraka."

Baba mkubwa Mogesi alitoka mbele na fimbo yake.

"Kijana, msiba haukatwi katikati. Rudia."

"Shikamoo, mzee wangu. Wimbo huu ni wa kucheza taratibu, watu wawili wawili. Si wa msiba."

"Umewataja ndugu zetu mbele ya watu. Tangu wafe hakuna aliyewataja. Rudia."

Tamimu alimgeukia Rubeni, katibu wa tawi. Watu wote wakamgeukia. Rubeni alikuwa ameshika kofia yake kwa mikono miwili.

"Mimi nina kibali cha dansi," alisema. "Ninachokiona hapa ni dansi."

Basi wakarudia. Walipomaliza walirudia tena, na mchana wote hawakupiga wimbo mwingine. Kila majina yalipofika, nyumba husika ililia, na nyumba nyingine ziliisaidia. Nililia wakati wa Esta. Mniko alilia kwa sababu nililia mimi. Petroli ilipokwisha na vipaza sauti vikafa, sauti ya Tamimu ilibaki ndogo, ya mtu wa kawaida mwenye koo lililokauka, na hapo watu wakaanza kumwitikia ili isipotee. Hakuna aliyepika. Hakuna aliyekula. Waliofika wamechelewa walimimina ulezi wao kwenye magunia kimya, wakaketi.

Wazee walikaa kikao nyuma ya lori. Jua lilikuwa halijazama wakati baba mkubwa aliporudi na kutangaza. Aliwataja watoto wote na nyumba zao. Mimi na Mniko tulikuwa wa kwake. Ghati alikuwa wa Teresia.

Alimwinamia mama mkwe, ambaye bado alikuwa chini. "Umesikia?"

"Nimesikia. Aletwe."

Teresia hakungoja kufika nyumbani. Aliketi palepale, akaegemea gurudumu la lori, akampokea. Ghati hakunyonya. Mdomo wake ulikaa kwenye titi umefunguka, kama mtu aliyesahau alichotaka kusema. Teresia akakamua matone, akamdondoshea kwenye ulimi. Wanawake walisogea, wakawazunguka. Tamimu na Athumani walisimama na nyaya mikononi. Akadondosha tena. Kisha koo la Ghati likasogea, likasogea tena, na tukamsikia akimeza. Uwanja ulikuwa kimya kiasi kwamba hata wanaume waliokuwa nyuma walimsikia.

"Pole, mama," Teresia alimwambia mtoto. "Nimechelewa."

Bendi ilipopakia vyombo, Tamimu aliniuliza kama wimbo wao ulikuwa mbaya.

"Hapana," nilisema. "Ulikuwa mrefu."

Alicheka, akafuta uso kwa mkono wa shati, akapanda lori.

Baadaye wimbo ule ulipigwa redioni, bila majina. Niliusikia bwenini nikiwa kidato cha pili. Wenzangu walishikana mabega wakaucheza wawili wawili, jinsi Tamimu alivyokusudia, nami nikaketi sakafuni, nikanyoosha miguu. Walidhani nimepatwa na kizunguzungu, wakaniletea maji.

Nimemaliza kidato cha nne na nimerudi kwa baba mkubwa. Kaburi la mama bado silijui. Ghati anamwita Teresia mama, na mimi ananiita dada. Jumatatu anaanza darasa la kwanza, na mimi ndiye nitakayempeleka.