Rafiki wa Baba

Akaale alifika mapema kuliko alivyokusudia, na kwa kuwa hakutaka kuonekana ameketi akimngoja mwanamume, aliizunguka bustani ya hoteli taratibu kabla ya kupanda ngazi. Baa ilikuwa juu, kwenye roshani iliyotazama Mto Turkwel na msitu wa mikoma. Tangu ilipofunguliwa, watu wa Lodwar waliitaja kwa sauti ya chini: hapo ndipo jin hunywewa katika bilauri pana kama bakuli, na barafu haiishi hata jua likiwaka namna gani. Yeye, muuguzi mjane aliyekwisha kuuvuka umri wa miaka arobaini, hakuwahi kupata sababu ya kuingia mahali pale. Leo alikuwa nayo.

Sababu yenyewe ilikuwa swali moja. Alianza kulibeba tangu alipokuwa msichana wa chuo. Akaolewa nalo, akafiwa na mume nalo. Sasa mwenye jibu alikuwa amerudi kutoka Kanada kumwona shangazi yake katika kambi ya Kakuma, naye alimpigia simu kumwomba wale chakula cha jioni pamoja kabla ya ndege kumchukua asubuhi.

Kuany alikwisha kufika. Alisimama kumlaki. Urefu wake ulikuwa uleule, ila mabega yalikuwa yameinama kidogo, kama ya mtu aliyezoea milango ya nyumba za watu wengine.

"Ejok," akamwamkia kwa lugha ya kina Akaale.

"Ejok-nooi," akajibu Akaale. "Hiyo hujaisahau."

"Nimesahau mengi. Hiyo ilikataa kutoka."

Waliketi. Mchanganyaji wa vinywaji, Mrundi mmoja aliyeitwa Onésphore, ambaye naye alikulia kambini, alikuja mwenyewe na kitambaa begani.

"Karibu, mama. Karibu, papa. Iko jin ya tangawizi, iko ya ukwaju, na iko hii yangu mwenyewe, ya koma."

"Koma hizi wanazotafuna watoto barabarani?" akauliza Akaale.

"Hizo hizo, mama. Ninaziponda, ninazichemsha na sukari, ninatia jin na ndimu. Wageni wa mashirika wanakunywa wanasema ni chokoleti. Mimi ninawaachia tu."

Kuany akacheka, na kicheko kile kikampata Akaale mahali ambapo alidhani pamekwisha kufungwa.

"Tuletee mbili," akasema Akaale. "Baba akisikia kwamba nimekunywa koma kwa barafu, atasema mji umeniharibu."

Kuany aliinua macho kutoka kwenye orodha ya vyakula. "Mzee Ereng yu hai?"

"Yu hai. Macho yamefifia, mdomo bado. Yuko palepale, ng'ambo ya Mto Tarach. Umekaa Kakuma wiki nzima, hukwenda kumwona?"

"Sikuona kwamba nina haki."

Akaale alishangazwa na jibu hilo, lakini hakulishika papo hapo. Aliacha vinywaji vije, aliacha samaki wa ziwani aje, amebanikwa mzima na kulazwa juu ya majani ya ndizi yaliyosafirishwa kutoka Kitale. Kinywaji kilikuwa kitamu kwanza, kisha kikawa kichungu, na ladha ya utoto wake ilikuwa humo ndani mahali fulani, imevalishwa nguo za ugenini. Jua lilikuwa likizama, na vichwa vya mikoma vilikuwa vimeanza kuwa vyeusi.

Ule mwaka ambao hakuusahau, wao wawili walikuwa wameafikiana kuoana. Kuany alikuwa mwalimu katika shule ya kambi. Akaale alikuwa akisomea uuguzi Kitale. Walipatana kwamba yeye akiwa chuoni, Kuany atakwenda kwa mzee na kusema neno. Aliporudi likizo alimkuta fahali wa madoa meusi na meupe katika zizi la baba yake, na baba yake ameketi kando akimtazama kama mtu anayetazama mvua ikinyesha.

"Nimepata rafiki," mzee akamwambia. "Yule kijana wa Kidinka, Kuany. Alikuja na mnyama huyu akanipa, nami nikampokea."

Kwa watu wa Akaale, mwanamume akimpa mwenzake mnyama naye akampokea, hao ni marafiki hadi kufa. Mifugo ya mmoja ni mifugo ya mwingine, na watoto wa mmoja ni watoto wa mwingine. Rafiki wa namna hiyo hamwoi binti wa rafiki yake. Kuany alipokuja kesho yake, Akaale aliinamisha macho na kumwamkia "baba," kama ilivyompasa binti. Mwezi huohuo jina la Kuany likatoka kambini katika orodha ya wanaohamishiwa Kanada, na ndege ikamchukua.

Sasa Akaale aliweka uma chini.

"Nataka kukuuliza jambo moja, kisha nitakuacha ule samaki wako. Kwa nini ulimpa baba fahali?"

Kuany alimtazama kana kwamba anapimwa akili. "Akaale. Mtu humpa baba wa msichana fahali kwa nini?"

Akaale aliisogeza bilauri kando.

"Nilimfanyia kazi miaka miwili fahali yule," akaendelea Kuany. "Kwetu, wa kwanza sharti awe mzuri kuliko wote, ndiye anayefungua mazungumzo. Nilimpeleka. Mzee alimshika nundu, akacheka, akanipa tumbaku, akaniketisha kando yake. Nikasema moyoni, yamekubaliwa. Kisha ukaja wewe, ukatazama miguu yangu, ukaniita baba. Nikajua kwamba mzee amekubali na wewe umekataa."

Upepo ulipita roshani ukakiinua kitambaa cha meza, naye Akaale akakibonyeza kwa mkono, ingawa kilikuwa kimekwisha kutulia.

"Ulikwenda na nani?" akauliza.

"Na nani? Peke yangu."

"Mposaji haji peke yake. Huja na baba zake na wajomba zake, watu wa kubishana kutwa nzima hadi sauti ziwakauke. Anayekuja peke yake na mnyama mmoja ni mtu anayetafuta rafiki. Baba hakukosea. Mzee yeyote wetu angekuelewa hivyohivyo."

"Hata kwetu huja na wajomba," akasema Kuany polepole. "Nililijua hilo. Lakini mimi wajomba ningewatoa wapi? Vita vilikuwa vimenifikisha Kakuma mtoto, bila mtu, na shangazi alikuwa hajapatikana. Nilidhani kwamba fahali akiwa mzuri vya kutosha, hakuna atakayetazama nyuma yangu kuona ni nani nimekuja nao."

Akaale aligeuza uso upande wa mto. Alimwona yule kijana akivuka mchanga wa Tarach na kamba mkononi, shati limefuliwa, hakuna hata mtu mmoja wa kumtangulia.

"Na wewe ulidhani nini?" akauliza Kuany.

"Nilidhani umenikimbia kwa heshima. Mwanamume asiyetaka kuoa hana njia nzuri kuliko kujifanya rafiki wa baba mtu. Miaka yote hii nilikuwa nikiisifu akili yako."

"Akili," akasema Kuany, na wote wawili wakacheka kidogo, kicheko kisichokuwa na raha.

Kisha Kuany akaegemea meza. "Sina mke sasa. Tuliachana, watoto wamekua. Ninaweza kuahirisha safari. Ninaweza kwenda kwa mzee nimweleze nilichokuwa nikikitaka. Safari hii ninao watu. Shangazi yupo, na wazee wetu wa kambini watakuja, watabishana hadi mzee akimbie mwenyewe."

Kwa kitambo Akaale aliiacha fikira hiyo imchukue. Alijiona akiamka katika nyumba yenye sauti ile. Kisha akamwona baba yake. Mzee alikuwa amejiita kwa rangi ya yule fahali, kama wafanyavyo wanaume wa kwao, akamtungia wimbo, na ukame ulipomuua mnyama huyo alikaa siku nyingi bila kuzungumza. Rika lake lote lilikuwa limekwisha kuzikwa. Kila mgeni aliambiwa kwamba yeye, Ereng, ana rafiki katika nchi ya barafu, na kila mvua iliponyesha aliuliza kama huko nako majani yamepatikana.

"Ukimwambia, atakubali," akasema. "Hilo ndilo linalonitisha. Atakubali kwa sababu ananipenda. Na tangu siku hiyo hatakuwa na rafiki hata mmoja duniani, na atajua kwamba alinifungia mlango kwa mkono wake mwenyewe huku akicheka."

"Mzee hatamaliza miaka mingi."

"Ndiyo maana."

Kuany alijivuta nyuma. Onésphore akaja kuondoa sahani, akawatazama mmoja baada ya mwingine, akaziacha.

"Basi niondoke kesho," akasema Kuany.

"Hapana." Neno lilimtoka Akaale kabla hajalipanga. "Ahirisha. Asubuhi tupande gari twende Kakuma. Mzee anakuulizia."

"Niende nikiwa nani?"

"Rafiki yake. Atakuketisha kando yake, atakupapasa mikono, atakusimulia kila mnyama aliyezaliwa tangu uondoke. Atachinja mbuzi. Atakuzuia usiondoke siku hiyo, na pengine hata ya pili."

Huko chini taa za mji zilikuwa zimeanza kuwaka, chache chache, na mto ulikuwa umepotea gizani.

"Nitakwenda," akasema hatimaye. "Na wewe utakaa wapi?"

"Upande wa wanawake, kwenye chai. Binti haketi na rafiki wa baba yake. Lakini si mbali, ni ukuta wa vijiti tu. Nitakuwa nikikusikia."

Kuany akaitikia kwa kichwa kuonyesha kwamba ameelewa. Akaale alikunywa tone la mwisho lililobaki kwenye bilauri, na kwa mara ya kwanza jioni ile akamtazama usoni bila kuondoa macho.

"Uzungumze sana," akamwambia. "Usimwachie mzee maneno yote."