Tundu la Vidole Vinne

Fundi Sindano alikuwa na kazi mbili, kufuma mifuko ya nyavu na kuwasema watu. Ya kwanza aliifanya kuanzia asubuhi hadi saa kumi, ya pili haikuwa na saa. Ukipita mbele ya karakana yake na viatu vipya utaambiwa vinakubana, ukipita na vya zamani utaulizwa umevirithi kwa nani. Watu walimvumilia, na kwa kweli walimpenda, kwa sababu mkono wake haukuwa na mzaha. Wavu wenyewe unanunuliwa dukani umefumwa kwa mashine, lakini ule mfuko wa mwisho, pale samaki wanapokusanyika wavu ukivutwa, unataka uzi mnene na mafundo ya mtu anayejua anachofanya. Boti zote kumi za ufuo ule zilivua kwa mifuko ya Sindano.

Na ufuo ule ulikuwa na sheria yake, kila mtu aliijua. Kuna samaki mmoja mkubwa, mbishi, ana ndevu pembeni mwa mdomo, watu wanamwita sharubu. Anaishi kwenye maji makubwa, ila mvua zikianza anapanda mto kwenda kutaga kwenye changarawe huko juu. Wiki hizo ni marufuku kutega wavu karibu na mdomo wa mto. Tena mwaka mzima, tundu la mfuko lazima lipitishe vidole vinne vya mtu mzima vilivyobanwa pamoja, ili watoto wa sharubu wanaoshuka kutoka mtoni wapenye waende zao wakakue.

Pamoja na hayo yote, masharubu walikuwa wanapungua mwaka hadi mwaka. Wavuvi wa ndoana walisema ni nyavu. Hawa walikuwa watu wa mjini waliokuja mwisho wa wiki na kofia pana na fimbo ndefu, wakiongozwa na Daktari wa Meno. Walishinda majini hadi kiunoni, wakampata sharubu mmoja, wakapiga naye picha, halafu wakamrudisha alikotoka. Sindano hakuwaelewa hata chembe. Alishamwuliza Daktari, mbele za watu, kama na meno huwa anayang'oa, anayapiga picha, kisha anayarudisha. Lakini kuhusu nyavu hakuwa na mzaha, jibu lake lilikuwa lilelile kila siku, kwamba mifuko yake inapitisha vidole vinne na asiyeamini akapime.

Basi akatokea wa kupima. Bwana Samaki mpya, yaani afisa wa uvuvi wa serikali, alikuwa kijana, ana miezi miwili tu pale, sare yake bado ina mikunjo ya kiwandani. Jumatatu asubuhi alisimamisha boti ya Taratibu, akafungua mfuko, akakuta ndani watoto wa sharubu wenye urefu wa kiganja, wamejaa. Akatoa kibao chake cha chuma, chenye upana wa vidole vinne, akakichomeka kwenye tundu. Kikagoma. Akajaribu tundu la pili, la tatu, la kumi, yote yakagoma. Akauliza mfuko umetoka wapi.

Taratibu alikuwa mdogo wake Sindano, tumbo moja. Jina hilo alipewa kwa sababu hata akiitwa kula huchukua muda kuinuka. Siku ile aliushika mfuko, akaugeuza, akapapasa mafundo moja moja. Halafu akasema ameununua kwa jamaa mmoja asiyemjua, aliyepita ufuoni na gari.

Habari zilifika karakana kabla ya chai ya saa nne. Sindano alitupa kazi chini. Kilichomchoma si samaki, wala si sheria, ni kwamba mdogo wake wa damu amemwacha yeye, dada yake, fundi wa boti zote, akaenda kununua mfuko kwenye buti ya gari la mpita njia. Taratibu alipokuja jioni akaulizwa ule mfuko aliofumiwa mwaka juzi uko wapi. Alisema ulichanika. Akaulizwa kwa nini hakuuleta uzibwe. Alisema alisahau. Tangu hapo hakupata raha. Akipita barabarani dada mtu anamwuliza, kwa sauti ya kufika hadi kwenye duka la mafuta, kama leo ameshakutana na jamaa mwenye gari, na kama gari hilo linauza na akili, maana yeye angechukua kilo mbili. Watu walicheka hadi wakashika mbavu. Taratibu alitabasamu tu, akaendelea na safari yake.

Hali yenyewe haikuwa ya kuchekesha. Jumamosi kulikuwa na mkutano ofisini kwa Bwana Samaki, na sheria ilikuwa wazi, mfuko unachomwa moto na mwenyewe anapokonywa leseni msimu mzima. Taratibu hakuwa na kazi nyingine aliyoijua. Daktari wa Meno alikuwa ameshasema atakuja na wenzake wote, ili huyu mmoja awe fundisho.

Alhamisi Bwana Samaki akaenda karakana kwa adabu, akamwita Sindano mama, akaomba msaada. Alikuwa amesikia kwamba kila mfumaji ana mkono wake, na kwamba mama huyu akishika fundo anajua limefungwa na nani. Kama angeutazama ule mfuko akamwambia umetoka karakana ipi, huyo jamaa wa gari angesakwa. Jamani, Sindano alivimba kichwa. Alivaa gauni la heshima, akatafuta miwani, akafunga karakana mchana kweupe, akafuatana na kijana huku akimweleza njia nzima kwamba mafundi wa siku hizi wanafunga fundo kama wanaofunga mkoba.

Stoo ya ofisi ilikuwa chumba kidogo chenye dirisha moja na harufu ya tope. Mfuko ulikuwa kwenye meza, na kikaratasi cha namba kimefungwa pembeni. Bwana Samaki alifungua daftari, akashika kalamu, akangoja. Sindano akaweka kidole kwenye fundo la kwanza.

Sasa, Sindano alitumia mkono wa kushoto. Mafundo ya wafumaji wengine yanalala upande mmoja, ya kwake yanalala upande wa pili, na penye ukingo huyafunga mara mbili kwa sababu haamini uzi wa dukani. Fundo alilolishika lilikuwa limelala upande wake. Akashika la pili. Akaenda ukingoni, akakuta fundo la mara mbili. Kijana akauliza kama ameutambua mkono, na Sindano, aliyekuwa na la kusema juu ya kila kitu duniani, akajibu kwamba chumba kina giza na atampa jibu Jumamosi.

Alirudi karakana karibu anakimbia. Alijifungia ndani, akachukua kijiti chake cha kupimia. Ni kibao bapa cha mti mgumu ambacho mfumaji anakizungushia uzi kila anapofunga fundo, na upana wa kijiti ndio unaokuwa upana wa tundu. Alikichonga mwenyewe miaka kumi na tisa iliyopita, na kila mwaka bwana samaki wa zamani alikuja kukipima, akaweka rula kwenye ncha, akaandika sawa, akanywa chai, akaenda zake. Sindano naye akaweka rula kwenye ncha. Vidole vinne kamili. Akashusha pumzi. Halafu akapitisha kidole gumba katikati, pale uzi unapopita siku zote, kikazama kwenye kishimo. Miaka kumi na tisa ya nailoni ilikuwa imekila kijiti kidogo kidogo mpaka kikawa na kiuno. Aliweka rula kwenye kiuno. Vidole vitatu na kitu.

Alikaa kwenye kigoda mpaka miguu ikafa ganzi. Alianza kuhesabu mifuko aliyofuma kwa miaka minne mitano ya karibuni, akafika kumi, yaani yote iliyokuwa kwenye boti. Tisa kati yake ilikuwa majini muda uleule, inawazuia watoto wa sharubu. Maneno yote aliyomrushia Daktari wa Meno yakamrudia moja moja, na hakuna hata moja lililomchekesha.

Na shetani naye hachelewi. Aliona jinsi mambo yangekwisha kwa urahisi. Achonge kijiti kipya usiku huohuo, hiki akitie jikoni. Jumamosi mfuko utachomwa, na mafundo yake yatateketea nao. Mifuko mingine ataiita mmoja mmoja karakana, kwa kisingizio cha kuikarabati, aifume upya. Masharubu watapona, jina lake litabaki. Taratibu atakaa nchi kavu msimu mmoja tu, naye dada yake atamlisha, tena vizuri. Aliipanga mipango hiyo Alhamisi, akaipanga tena Ijumaa, na kila mara ilikuwa mizuri kuliko mara ya kwanza.

Jumamosi ofisi ilijaa. Wenye boti walikaa upande wa dirishani, watu wa kofia wakakaa upande wa mlangoni. Bwana Samaki alisoma makosa. Taratibu akaulizwa kama ana la kusema, akasema hana. Daktari wa Meno akasimama na kuzungumza kwa upole mwingi, ule upole anaoutumia akiwa ameficha koleo mgongoni. Alisema masharubu wanapanda wiki hii hii, mvua imeshaanza, na kama aliyekamatwa ataachwa basi sheria ifutwe watu wapumzike. Hakuwa amekosea. Kisha Bwana Samaki akamgeukia Sindano, akamwomba aseme mkono ule ni wa nani.

Sindano alisimama. Aliangalia kisogo cha mdogo wake, ambaye hata hakugeuka.

"Mfuko huu nimeufuma mimi," alisema. "Hakuna jamaa wala gari. Na ile mingine tisa iliyo majini nimeifuma mimi vilevile, na yote haipitishi."

Akatoa kijiti kwenye mkoba, akakiweka mezani, akawaonyesha kiuno chake. Daktari wa Meno ndiye aliyekuja wa kwanza. Huyu mtu alikuwa amesemwa miaka sita mfululizo, na sasa alikuwa na nafasi ya kulipa yote kwa mpigo. Alipitisha kidole kwenye kile kishimo, mara moja, mara mbili. Alisema tu kwamba ameona magego mengi yakiliwa hivyohivyo na mwenyewe hana habari, akarudi kukaa. Hapo watu wakacheka, hata wenye boti, na Sindano akashukuru kwamba wanacheka.

Uamuzi ulitoka haraka. Mifuko tisa iliyobaki itolewe majini kabla ya jua kuzama, na hakuna boti itakayovua mpaka ifumwe mipya kwa kijiti cha chuma. Wenye boti waliguna, mmoja akauliza kama fundi mwenyewe atakuwa ni huyuhuyu, na swali hilo lilimkata Sindano maini. Lakini kila mmoja alijua maana ya uamuzi huo kwa sharubu. Wiki za kupanda mto zitapita na ufuo mzima hautakuwa na wavu hata mmoja, kitu ambacho Daktari na kofia zake hawakuwahi hata kuthubutu kukiomba. Taratibu aliachiwa leseni yake, akaonywa kwa kuidanganya ofisi.

Sindano alimkuta nje, ameegemea ukuta, anangoja mvua ipungue.

"Ulijua," alimwambia.

"Nilijua pale pale kwenye boti. Nitayasahau vipi mafundo yako, dada?"

"Na wiki nzima nakuita zuzu barabarani, umenyamaza?"

"Ulikuwa unafurahi. Nikaona nikuache."

Sindano alitaka kumtukana, badala yake akauegemea ukuta pembeni yake. Alimwuliza, polepole, alitaka kula nini msimu mzima. Taratibu alifikiri, kama anavyofikiri kila kitu, mpaka mtu angedhani amesinzia.

"Mimi wakichukua leseni, mwakani naomba nyingine pale dirishani," alisema. "Wewe wakikuchukulia jina, ungeenda kuliomba ofisi gani?"

Sindano aliona aibu kuliko alivyoona mle ndani mbele za watu wote, na alimpenda mdogo wake kuliko siku zote. Akamwambia hivyo kwa lugha yake, kwamba ni mjinga, mjinga wa mwisho, hajapata kuona mjinga wa namna ile. Katikati ya maneno hayo akaanza kulia, mchana kweupe, mbele ya ofisi ya watu, na wenye boti wakaanza kutoka mlangoni.

Taratibu aliinuka ukutani, safari hii bila kuchelewa, akasimama upande wa barabara, kati ya dada yake na wapitao, akamgeuzia mgongo na kuanza kuwauliza watu habari za mvua.