Mpira Mmoja Tu

Edah Nakhumicha alikuwa karani wa masjala katika ofisi moja ya serikali mjini Bungoma, mwanamke mpole wa sura na mkaidi wa kila kitu kingine. Mwaka wa 2004 aliwatangazia wenzake kwamba mdogo wake, Jairus Wakoli, ndiye mtupaji bora wa besiboli kuanzia Bungoma hadi Kitale. Hakuna aliyembishia, kwa sababu wakati huo ilikuwa kweli.

Mchezo wenyewe uliletwa na Mjapani mmoja wa kujitolea aliyekuwa akifundisha hesabu upande wa Kimilili. Alipomaliza muda wake akarudi kwao, akaacha magongo manane, gunia la glavu, na vijana wengi ambao hawakutaka tena kusikia habari za kandanda. Zikazaliwa timu nne, Kitale, Bungoma, Kimilili na Webuye, zikawa zinakutana kila Jumamosi kuanzia Machi hadi Septemba. Jairus alikuwa seremala mtaani Tuwan, mjini Kitale, kwa hiyo aliitupia Kitale. Alikuwa mrefu, mkono wake wa kulia ulikuwa kama umeongezwa kipande, na mpira ukimtoka, mpigaji aliusikia ukitua kwenye glavu ya mdakaji nyuma yake kabla hajaamua kuinua gongo.

Shida ya Jairus ilikuwa mwili wake. Mtu huyo aliumia kama wengine wanavyopiga chafya. Mwaka wa kwanza lilikuwa bega. Likapona, akakanyaga shimo la fuko kule Webuye akateguka mguu. Mwaka wa pili ukawa kiwiko, halafu bega lile lile tena. Kati ya mechi tatu alicheza moja, ila hiyo moja ilizungumzwa mpaka Jumamosi nyingine.

Ofisini kwa Edah kulikuwa na mchezo mwingine juu ya huo mchezo. Waliuita timu za karatasi. Kila Februari, saa ya chai, watu watano walikaa masjala wakachagua kwa zamu wachezaji kutoka zile timu nne, kila mtu sita wake, majina yakabandikwa nyuma ya mlango. Mpigaji akizunguka vituo vyote vya uwanja, mwenye jina lake anapata pointi. Mtupaji akimwondoa mpigaji, pointi vilevile. Kila Jumatatu walihesabu, wakabishana, wakahesabu upya. Mwisho wa msimu mshindi alichinjiwa jogoo na wale wanne, akala akiwa ameketi kama bwana harusi, wala hakuinua hata sahani. Ni mambo ya kitoto, utasema. Basi wewe hujawahi kufanya kazi masjala.

Mwaka wa 2004 Edah na Walubengo, dereva wa ofisi, karibu washikane mashati juu ya nani amchukue Jairus. Mwaka wa 2005 Edah alimtaja wa kwanza, na wengine wakaguna tu. Mwaka wa 2006, alipofungua mdomo, Roselyne mpiga chapa akamshika mkono kwa huruma.

"Edah, chukua Rotich kwanza. Huyo wako ngoja mpaka mwisho. Hakuna mtu atamgusa."

Ilimchoma. Kuitwa muongo angevumilia, kushindwa angevumilia, lakini kuambiwa kwamba mtoto wa mama yake anaweza kuachwa mezani mpaka kila mtu ashibe, hapana. Akamtaja Jairus wa kwanza, kwa sauti ya kusikika hadi kwenye korido.

Walubengo akacheka mpaka akakohoa. Halafu akaleta pendekezo.

"Mwaka huu tuweke sheria. Mtu asipokanyaga uwanja, mwenye jina lake anakatwa pointi mbili. Hii mpira si kanisa, ati mtu anakuja kukaa tu."

Wakapiga kura, ikapita, wakaibatiza Sheria ya Jairus. Jioni hiyo Edah alimpigia mdogo wake simu kumsimulia, wakacheka wote wawili.

"Ati wamenitungia sheria? Kama bunge?"

"Kama bunge kabisa. Sasa usiniangushe, mtoto wa mama. Hata kama ni mpira mmoja tu, wewe ingia utupe."

Alikuwa anatania. Tuseme ukweli, alikuwa anatania nusu.

Mechi tatu za kwanza Jairus alitupa kama zamani. Ya nne, mwezi wa Aprili, bega likamwachia tena, na kocha Kipkemboi akamweka benchi, akampa kazi Rotich, mtupaji wao wa pili. Edah alijua sasa atakuwa anakatwa. Lakini Jumamosi iliyofuata, kabla hata hajaanua nguo, simu ikalia.

"Dada, nimeingia!"

"Umeingia wapi na hilo bega?"

"Nimemwomba kocha. Mmoja tu, mwisho wa mechi. Nimetupa, nikatoka. Wamekukata?"

"Wanikate na umekanyaga uwanja?" Edah alipiga kigelegele peke yake jikoni. "Asante, ndugu yangu. Umeniokoa."

Jumamosi ya pili ikawa vilevile. Jumatatu yake, Walubengo akagonga meza.

"Hiyo ni wizi, bana! Anakuja kusalimia watu, anarudi kukaa. Mtupaji lazima amalize zamu moja mzima, atoe wapigaji watatu. Kama hajamaliza, tunahesabu hakuja."

Kura ikapigwa. Edah naye aliinua mkono, maana haki ni haki, na yeye hakuwa mtu wa kuiba jogoo. Kosa lake halikuwa hapo. Kosa lake ni kwamba hakumwambia Jairus.

Alikusudia kumwambia. Jumamosi iliyofuata alishika simu akiwa ameyapanga maneno, lakini Jairus akamwahi, sauti imejaa kicheko, akaeleza jinsi mpira wake mmoja ulivyompita mpigaji wa Kimilili akabaki anazunguka na gongo lake kama mlevi. Kwa miaka miwili Edah alikuwa amezoea sauti nyingine ya Jairus, ile ya chini, ya mtu anayejibu ili simu ikatike. Sasa huyu hapa amemrudia, anacheka, anamwita dada kila baada ya maneno mawili. Nani angekuwa na roho ya kumzima? Na mpira mmoja una ubaya gani? Si gunia la mahindi. Akasema asante, umeniokoa, akaamini amefanya wema.

Basi ikawa hivyo, Mei, Juni, Julai, Agosti. Jumamosi jioni Jairus anapiga simu, Edah anashukuru. Jumatatu Roselyne anachukua kalamu nyekundu, anakata pointi mbili mbele ya jina la Jairus, na Edah anajifanya anatafuta faili.

Mwishoni mwa Agosti, siku ya Jumatano, Jepkorir akapiga simu. Huyo alikuwa mke wa Jairus, mtu wa maneno machache, na hakuwahi kumpigia Edah simu saa za kazi.

"Dada Edah, uko na watu?"

"Niko peke yangu. Nini?"

"Jairus ameangusha fremu ya mlango ya mtu. Mkono ulikataa. Sasa hata shati namvalisha mimi."

Edah akaketi. Jepkorir akaendelea polepole, kama mtu aliyejizuia muda mrefu. Walikuwa wameenda kuonana na daktari. Daktari aliuliza anafanya kazi gani, akauliza anacheza nini, halafu akakasirika. Mtu mwenye bega bovu anakaa benchi saa mbili, mkono umepoa kabisa, kisha anainuka na kutupa kwa nguvu zake zote. Afadhali angetupa mechi nzima akiwa amepasha mwili moto. Kila Jumamosi alikuwa anachana pale pale palipokuwa panajaribu kushika.

"Amesema akitupa tena, hiyo mkono atasahau. Hata randa hatashika. Na Jumamosi wanacheza huko kwenu Bungoma, na amesema lazima aingie. Nimelia, amekataa. Kocha mwenyewe amechoka kumkatalia, ati atamwambia nini, na yeye ndiye alimfanyia timu jina."

"Lakini kwa nini? Anatafuta nini?"

"Si ni wewe, dada? Anasema asipoingia mnakatwa. Anasema ni yeye anakuokoa." Jepkorir hakusema kwa hasira, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Mimi nakuomba tu. Mwambie wewe. Ni wewe atasikia."

Edah aliweka simu mezani akaangalia nyuma ya mlango. Alama nyekundu zilikuwa zimejaa mbele ya jina la Jairus hata hazikuwa na pa kuandikwa tena. Aliona haya ya kweli.

Alhamisi aliomba ruhusa, na saa tano alikuwa Tuwan. Alimkuta Jairus kwenye karakana yake, kibanda cha mabati chenye harufu ya msonobari, akipiga randa kwa mkono wa kushoto. Ubao ulikuwa umetoka mawimbi. Alipomwona dada yake aliangusha randa, akamkumbatia kwa mkono mmoja, ule mwingine ukaning'inia tu.

"Umekuja kunisindikiza Jumamosi! Jepkorir, weka chai!"

Edah alianza na ukali, kama dada mkubwa. Hutupi Jumamosi, nimekataa. Jairus akacheka. Akamtajia daktari. Jairus akasema daktari huyo amezoea kutisha watu, na mwaka wa 2004 walimwambia hivyo hivyo na akarudi. Edah akamwambia nimekutoa kwenye timu yangu, nimemchukua Rotich.

"Uongo," Jairus alisema, akimpa kiti. "Wewe huwezi. Walubengo angeweza, Roselyne angeweza. Wewe, hapana. Niambie, mko nambari ngapi? Nikiingia Jumamosi tunampita Walubengo?"

Jepkorir alileta chai akasimama mlangoni, wala hakuondoka. Edah alishika kikombe kwa mikono yote miwili. Alikuwa na miaka thelathini na sita, alikuwa amemzika baba na mama, na hakuwahi kuogopa kusema neno kama alivyoogopa kusema hili.

"Jairus, hiyo mipira haihesabiwi."

"Mipira gani?"

"Hiyo ya mmoja mmoja. Walibadilisha sheria. Lazima umalize zamu mzima, la sivyo ni kama hukuja."

Jairus aliketi juu ya ubao wake. "Walibadilisha lini? Wiki hii?"

Angeweza kuitikia. Uongo ulikuwa pale, tayari, na ulikuwa mtamu. Lakini alimjua ndugu yake. Akiambiwa ni wiki hii, Jumamosi ataomba zamu nzima, atatupa mpaka mkono udondoke.

"Aprili," Edah alisema.

Jairus hakuelewa mara moja. Alitazama juu, midomo ikichezacheza, anahesabu Jumamosi.

"Kwa hivyo ile ya Webuye, ya mvua…"

"Haikuhesabiwa."

"Na ya Kimilili? Nilitupa hiyo nikatapika nyuma ya mti, dada. Sikukuambia. Hata hiyo?"

"Hata hiyo."

Jepkorir aliinamisha kichwa mlangoni. Nje mtu alikuwa akiulizia kitanda chake kama kimeisha, na hakuna aliyemjibu, akaondoka.

"Lakini ulikuwa unaniambia asante," Jairus alisema.

"Nilikuwa nakuambia."

"Kila Jumamosi."

"Nilidhani unafurahi, ndugu yangu. Nilisikia unacheka, nikaona nisiharibu."

"Nilikuwa nafurahi," Jairus alisema. "Ndio maana nilikuwa naenda."

Hakupaza sauti. Edah angetamani apaze, amtukane, amfukuze karakana, amrushie hicho kikombe. Badala yake Jairus alimgeukia mkewe, akamwambia ampigie kocha simu, amwambie Jumamosi wasimwekee nafasi kwenye gari, na ile fulana ya timu apewe Rotich, yake imechanika. Ilikuwa ile sauti ya chini, ya mtu anayejibu ili simu ikatike. Jepkorir akaenda haraka, kabla mumewe hajabadilisha nia.

Wakabaki wawili. Edah alikuwa amepata alichokuja kukitafuta Kitale, na hakujua afanye nini nacho. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta. Aliinuka, akamwendea mdogo wake, akaweka mkono begani mwake kama alivyokuwa akifanya tangu wakiwa watoto.

Jairus alishtuka, akajitoa taratibu chini ya mkono huo.

"Hapo panauma, dada," alisema.